Kiberiti kilipotuumbua Lushoto

Najua wengi wenu mnajipanga kwenda kulala kwenye mahema, na moto mtategemea kiberiti cha mtu mmoja. Kama sisi.

Mwezi wa 7 mwaka jana tulikwenda Lushoto, wanne. Msimu huo Usambara ni baridi, na rasharasha ikatuandama mchana kutwa. Kiberiti changu cha gesi kilikuwa mfukoni mwa jinzi. Nikazungusha gurudumu weee, cheche hakuna. Cha njiti ndiyo kabisa, ubavu wake umekuwa uji. Mshikaji mmoja akajipiga kifua na kile kichuma cheusi cha kukwangua kwa kisu, bei mbaya. Cheche ziliruka kama za fundi wa kuchomelea! Ila hatukuwa na kitu kikavu cha kuzipokea.

Mwingine akataka kunyonya petroli kwenye gari. Nikagoma. Mvuke wake hudaka moto hata mkono hujautoa.

Utani ukaisha dada mmoja, aliyelowa chapachapa, alipoanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Baridi ikifika hapo inaua, jamani. Tukamvua makoti mabichi, tukamzungushia mablanketi, mshikaji akatimka kugonga nyumba ya jirani.

Mzee akaja na kiberiti cha njiti ndani ya mfuko wa nailoni, na kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Wajukuu zangu, moto mnauweka mfukoni mwa suruali?"

Tyubu ikashika, ikawaka mpaka kuni mbichi zikasalimu amri. Moshi wake mchafu, lakini tulikuwa nje. Hemani usiwashe chochote, hata jiko la mkaa. Hewa yake inakumaliza usingizini.

Siku hizi nabeba viberiti viwili vya gesi, kimoja kwenye kopo lenye mfuniko, kingine ndani ya shati, maana gesi ikipoa sana inagoma kutoka. Na pamba niliyoipaka mafuta ya mgando, haigharimu kitu na inawaka dakika kadhaa. Kichuma si kibaya, maji hayakiui, ila bila pamba ni fataki tu. Halafu kile kiberiti changu? Kesho yake kilikauka, kikawaka kama hakijafanya kitu. Nilitamani kukitupa bondeni.

Yule dada yuko poa. Kasema safari ijayo anakuja, ila kiberiti anashika yeye.