Bomba jipya, masega yabaki

Kijana akinunua Subaru au Altezza, kitu cha kwanza anachotaka kubadili ni sauti. Siku hizi hata gereji haendi: ananunua bomba la kati la eksozi, anainua gari uani kwa jeki, na Jumapili yake inaishia hapo.

Hatuna ugomvi na anayejifunza kushika spana. Kazi yenyewe si ngumu, ukiacha nati zilizoganda kwa kutu, ambazo humaliza saa nzima na ngozi ya vidole. Ila jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulalia chini yake. Gari likae juu ya stendi imara, kwenye zege, na bomba liwe limepoa. Mchanga wa uani hudidimia.

Kinachotukera ni yanayoyapata masega, kile kifaa cha ndani ya eksozi kinachosafisha moshi. Wengi huyang'oa papo hapo, kwa kuwa yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na mnunuzi hakosekani. Bila masega, monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, hutoka jinsi ilivyo. Kiungo kilichokazwa ovyo kikivuja, gesi hiyo yaweza kupenya ndani ya gari, kwa watoto waliolala kiti cha nyuma. Taa ya injini ikiwaka, fundi huidanganya sensa, taa inazimika, na moshi unabaki uleule.

Askari wa barabarani hukagua bima, leseni na kizimamoto. Wainame pia, wachungulie chini ya gari. Na anayenunua masega ya magendo aulizwe ameyatoa wapi.