Bima au Taslimu?

Saa nane usiku mwanetu wa miezi saba alishikwa na degedege. Mimi na mama yake tulipanda bajaji Mtaa wa Msimbazi, tukafika kitengo cha dharura cha hospitali ya umma ambayo sitaitaja. Karani hakuuliza mtoto ana nini. Aliuliza: "Bima au taslimu?"

Nililipa kwa simu, tukapita. Mama aliyetutangulia, mchuuzi wa mboga Kariakoo, alibaki kwenye benchi na mwanawe akihema kwa shida. Aliambiwa amsubiri afisa ustawi wa jamii, asubuhi, amwandikie msamaha.

Msamaha upi tena? Sera ya Afya ya mwaka 2007 imekwisha kuwasamehe malipo watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Sera hiyo nimeifundisha, hata mtihani nimeitungia. Pale dirishani sikuitamka. Nilikwisha kupata risiti yangu.

Ndugu zangu mlio wizarani, mama yule alikuwa ameshika kadi ya kliniki. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa ukurasa wa mbele. Karani anajua kusoma. Mpeni mamlaka ya kumpitisha mtoto usiku uleule.