Ufunguo Mkuukuu Katika Simu ya Leo

Wiki chache zilizopita nilikuwa Machakos, nikingojea gari la kunirudisha pwani. Jua lilikuwa kali, nami nikajiegemeza kwenye kibanda cha fundi wa simu kando ya stendi, nipate kivuli. Hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonifanya nishike kalamu leo.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa ameleta simu yake mpya na kijikadi cha memori alichokifunga ndani ya kitambaa. Katika kadi ile mlikuwa na kazi waliyomfanyia wanafunzi wake wa zamani mwaka 2010: vitendawili vya Kikamba, ambavyo wenyewe huviita ndai, vimetiwa picha zinazokwenda na vitufe vya kubofya. Anayevitega vitendawili hivyo ni mkewe mwalimu, ambaye sasa ni marehemu. Wajukuu wamezaliwa Nairobi na hawakumwahi nyanya yao. Mzee alitaka jambo moja tu, wamsikie.

Simu ilikataa kuifungua faili. Fundi, kijana mchangamfu na mwenye adabu, akasema, "Mwalimu, hii inataka Flash. Usijali, nitakutilia." Akaichomoa kutoka katika akiba yake programu yenye jina hilo na alama nyekundu tuliyoizoea. Simu ikaipokea. Kisha ikaanza kuuliza: je, programu hii iruhusiwe kusoma ujumbe mfupi? Iruhusiwe kuona yanayoandikwa kwenye kioo? Kijana alikuwa akibofya "ruhusu, ruhusu" kama mtu anayepukuchua mahindi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, kichezesha picha kinataka barua za watu kwa kazi gani?"

Msomaji mpenzi, huenda ukaona hili ni jambo dogo, la vijana na mafundi. Sivyo. Ndani yake mna mambo mawili makubwa, fedha za watu na urithi wa watu. Ngoja nilieleze tangu mwanzo.

Flash ilikuwa nini? Ukurasa wa intaneti zamani ulikuwa maandishi na picha zilizotulia tuli. Aliyetaka picha zinazokwenda, muziki au michezo, ilimbidi atie katika kivinjari chake programu ya nyongeza, ambayo mafundi huiita plagini. Iliyovuma kuliko zote ni Flash, iliyotokea mwaka 1996, ikamilikiwa na kampuni ya Macromedia, na mwaka 2005 ikanunuliwa na Adobe. Kwa miaka mingi ulimwengu mzima uliitegemea. Katuni, michezo ya watoto, video, masomo ya diski, vinanda vya kusikilizia redio, vyote vilipitia mlango huo mmoja. Na ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwa kampuni moja.

Zilipokuja simu za kisasa mambo yakageuka. iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuipokea Flash kabisa, na mwezi wa Aprili 2010 Steve Jobs akaandika waraka wa wazi kueleza sababu zake: kwamba ni mali ya kampuni moja, usalama wake ni dhaifu, hula chaji, na haikuumbwa kwa kioo cha kuguswa kwa kidole. Simu za Android ziliikaribisha mwaka huo huo wa 2010, lakini ndoa haikudumu. Mwezi wa Novemba 2011 Adobe wakatangaza kwamba hawataiendeleza tena Flash ya simu. Tarehe 15 Agosti 2012 ikaondolewa dukani, asiyekuwa nayo asiipate. Viraka vya mwisho vya kuiziba matundu vilitoka mwaka 2013. Ile ya kompyuta nayo ilizikwa tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikafungwa isichezeshe chochote.

Sisi huku tulikuwa wapi? Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikaanza kupanda bara kwa kasi mpya. Mwaka 2011 ikaja simu ya Huawei IDEOS, iliyouzwa kwa takriban shilingi 8,000, na watu wengi wa nchi hii waliijua Android kwa mara ya kwanza kupitia kwake. Lakini Flash ilidai kichakataji cha kizazi kipya zaidi kuliko kile kilichokuwa ndani ya simu hiyo ya bei nafuu. Kwa hiyo Mkenya wa kawaida alinunua simu ya kisasa, akafungua ukurasa, akakuta kisanduku kitupu kinachomwambia atie Flash, na alipoitafuta akaambiwa simu yake haifai. Wengi walisoma intaneti kwa Opera Mini, iliyobana kurasa ili zisile fedha, nayo Flash haikuichezesha. Alhasili, wengi wetu tulikaribishwa karamuni baada ya sahani kuoshwa.

Ndipo ikazaliwa tabia ya kujitafutia. Faili za Flash zikapita mkono kwa mkono, kutoka kadi hii hadi kadi ile, kibanda hiki hadi kibanda kile. Miaka ile nisingemlaumu mtu. Leo namlaumu, na sababu zangu ni hizi.

Ile Flash ya kweli ya simu ni maiti. Ukiitia katika simu kuukuu ya mtumba huenda ikafanya kazi, lakini matundu yaliyogunduliwa tangu mwaka 2013 hayajazibwa wala hayatazibwa. Ni kuishi katika nyumba ambayo kila mwizi anajua dirisha lipi halina komeo. Na ukiipeleka katika simu mpya, simu yenyewe huikataa kwa ukale wake, na vivinjari vya leo havina tena mahali pa kuipachika. Sasa pima mwenyewe, msomaji: ile ya kweli haikubali kuingia katika simu mpya. Basi hiyo iliyokubali kuingia, tena ikaomba kusoma ujumbe, ni nani?

Ni mwizi aliyevaa kanzu ya marehemu. Wezi wa mitandao wamelitumia jina la Flash miaka mingi, kwa kuwa ni jina linaloaminiwa. Programu hizo za uongo huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, zipate namba za siri zinazotumwa na benki. Nyingine huomba ile ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya kuwasaidia wasioona, ambayo humwezesha aliyeipata kuona kila kilichomo kwenye kioo na kubofya badala yako. Nyingine hutandika ukurasa wa bandia juu ya ukurasa wa benki, ukaandika siri zako mkononi mwa jambazi. Na simu ya Mkenya, tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, si simu tu. Ni mkoba, ni sanduku, ni karo ya mtoto na mchango wa maziko. Kwa ajili ya katuni moja mtu anamkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima.

Hayo ni ya fedha. Sasa nije kwenye la pili, ambalo ndilo linalouhusu ukurasa huu.

Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu alituandikia aya kwenye ubao kwa wino, tukaisoma mpaka ikakaa moyoni, kisha ubao ukaoshwa ukaandikwa nyingine. Ubao haukuwa kitu, kilichohifadhiwa ni neno. Na maandishi ya wazee wetu yalinusurika kwa njia hiyo hiyo, kwa kuhamishwa. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani. Ajuaye herufi za Kiarabu na Kiswahili cha kale anaweza kuusoma leo, bila kuomba idhini ya aliyeuza karatasi wala aliyechanganya wino. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyanakili, Taylor akayapokea, na mwaka 1940 Hichens akayatoa katika kitabu. Lau kila mmoja wao angesema, "Yamo mahali fulani, yatosha," leo tusingekuwa nayo.

Wala si pwani tu. Ngano za Wakamba hao hao wa Machakos na Kitui zilikusanywa na John Mbiti na kuchapishwa mwaka 1966. Kitabu hicho kimekwisha kupita nusu karne, nacho kinafunguka kwa kidole. Ndai za mke wa mwalimu wetu zilirekodiwa mwaka 2010, nazo zilikuwa zimefungwa ndani ya kisanduku ambacho mwenye kufuli amekwenda zake. Kipya kimezeeka kabla ya cha kale! Hapo ndipo pa kutafakari.

Na msidhani ni wanyonge peke yao waliokwama. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ilikuwa na fomu za kodi zilizotengenezwa kwa Flash. Ilipozimwa mwezi wa Januari 2021, mamlaka ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili fomu hizo zifunguke. Serikali nzima, yenye wataalamu na bajeti, iliachwa mlangoni kama mwalimu wetu.

Wako watakaosema, "Yaliyopita yamepita, waacheni vijana watengeneze mapya." Nawajibu kwamba anayetupa sauti za wazee kwa sababu chombo kimechakaa ni kama aliyevunja mtungi akamlaumu maji. Wako pia watakaosema, "Kama urithi una thamani, basi na tuitie hiyo Flash kuukuu, liwe liwalo." Hao nao wamekosea, kwani iko njia nyingine.

Njia hiyo ni programu iitwayo Ruffle. Imeandikwa na watu wanaojitolea, ni ya wazi na ya bure, nayo huzisoma faili za Flash ndani ya kivinjari cha kawaida bila kuitia Flash yenyewe. Hifadhi ya Internet Archive ya Marekani imeitumia tangu Novemba 2020 kuonyesha michezo na katuni za kale. Hata simu ya mkononi inaweza: unafungua ukurasa wa Ruffle, unaichagua faili yako, basi. Haiombi ujumbe wako wala namba zako.

Pale kibandani tuliifuta kwanza ile programu ya bandia, na mwalimu akabadilisha namba zake za siri. Kisha tukajaribu njia hii. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Vitufe viwili viligoma, na picha moja ilikuja nusu. Lakini sauti ya mwanamke ikatoka, safi, ikitega ndai ya kwanza na kunyamaza kidogo kungoja jibu. Mwalimu akajibu. Alijibu polepole, kwa Kikamba, kama aliye nyumbani kwake. Fundi akazima redio yake.

Kisha tukaenda kwenye duka la kompyuta jirani, sauti ikatolewa ndani ya faili na kuwekwa katika MP3 ya kawaida, ambayo haki zake za umiliki zimekwisha tangu mwaka 2017 na kila simu huichezesha. Ikanakiliwa mara tatu: moja kwa mwalimu, moja kwa mwanawe Nairobi, moja katika diski ya kuwekwa sandukuni.

Basi maombi yangu ni haya. Kwa mwenye simu: ukurasa ukikwambia utie Flash, ufunge uende zako, hakuna Flash halali ya simu leo. Kwa mafundi wetu, ambao ni madaktari wa simu za umma: zifuteni faili hizo katika akiba zenu, maana daktari hatoi dawa iliyokwisha muda. Kwa vituo vya redio, shule, vyuo na serikali za kaunti: fungueni makabati yenu. Diski na kurasa mlizotengeneza kabla ya mwaka 2015 huenda zina sauti za watu ambao hawatarekodiwa tena. Zihamisheni sasa, wangali hai wanaokumbuka zilivyotengenezwa. Na tangu leo, kazi mpya ziwekwe katika mitindo ya wazi isiyo na bwana mmoja. Kurasa za HTML5, kanuni iliyopitishwa rasmi mwaka 2014, zinachezesha sauti na video bila plagini yoyote.

Nami mwenyewe nimerudi nyumbani nikalifungua sanduku la kanda zangu za mashairi, nimeanza kuzihamisha. Nafunga kwa ubeti huu:

Hazina ikifungika, kwa kufuli ya jirani,
Siku akishaondoka, utangoja mlangoni,
Vya wazee kadhalika, tuvinakili yakini,
Sauti zitasikika, kwa wajukuu nyumbani.