Dawa anafuata mjukuu, mguu je?

Korosho zikianza kuanguka, siku katika kaya za Masasi na Newala huhesabiwa kwa kuokota, kuanika na kupeleka ghalani kwenye chama cha msingi. Tarehe ya kliniki ya bibi husubiri, au mjukuu hupewa kadi akachukue vidonge vya presha na sukari.

Familia ina sababu. Magoti ya bibi yanauma, na bodaboda hadi Newala mjini au hospitali ya Mkomaindo inataka nauli yake na ya anayemsindikiza. Dawa zimepatikana, hakuna aliyekosea. Ila mjukuu hapimwi presha kwa niaba ya bibi.

Kisukari huharibu kimya kimya. Miguu ikishaingia ganzi, mgonjwa huchomwa na mwiba shambani asijue mpaka kidonda kimeoza, na vidonda vya namna hiyo ndivyo huishia kwenye kukatwa mguu. Jicho nalo huanza kuharibika kwa ndani muda mrefu kabla mtu hajaona ukungu. Figo vilevile. Kwa hiyo mwenye kisukari akaguliwe miguu kila anapofika kliniki, macho na figo angalau mara moja kwa mwaka, hata akijisikia mzima. Hasa akijisikia mzima.

Sera ya Afya ya 2007 iliwasamehe gharama za matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tangu hapo tunajadili kadi na malipo. Ni mjadala wa haki, lakini bima hailipi bodaboda wala haimnyanyui mzee mkekani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wazee wetu wanapopotelea. Muuguzi anayemkabidhi mjukuu dawa angeuliza swali moja tu: mwenyewe alionekana hapa lini?

Nanyi wazazi mnaolea wazee, fedha za mnada zikiingia benki, kabla ya bati na pikipiki, tengeni nauli ya bibi mwenyewe. Akifika, ombeni apimwe mkojo kuangalia protini, maana wasiouliza mara nyingine hawapimwi. Nyumbani, anaponawa jioni, mwangalieni nyayo na katikati ya vidole. Mkiona jeraha, hata dogo lisilouma, safari ni kesho asubuhi, msimu au si msimu.