Adhabu Imfuate Mwenye Fujo

Vijana wa Kendwa, Zanzibar, wanaoishangilia Liverpool kwenye mabanda ya kuonyesha mpira hawakuwa wamezaliwa tarehe 29 Mei 1985, siku ambayo mashabiki wa klabu hiyo waliwavamia wale wa Juventus katika uwanja wa Heysel, Brussels, ukuta ukaporomoka na watu 39 wakafa, na jina la shabiki wa Kiingereza likachafuka Ulaya nzima. Uhuni wa viwanjani, yaani vurugu za kundi zinazofanywa kwa jina la timu, upo hata kwetu: tarehe 1 Oktoba 2016, baada ya Amissi Tambwe wa Yanga kufunga bao lililodaiwa kuwa la mkono, mashabiki wa Simba waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na kuvirusha, Serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia. Adhabu hiyo haikuwa ya haki, kwani iliwakumba hata waliokaa kwa utulivu. Uingereza yenyewe ilijifunza kumfuata mhusika: mahakama humpiga marufuku viwanjani na kumtaka asalimishe pasipoti yake timu inapocheza nje ya nchi. Tanzania, iliyopewa pamoja na Kenya na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, inahitaji sheria ya aina hiyo, Bara na Zanzibar, kabla ya mashindano hayo.