JEMBE SI KIBOKO

Ndugu msomaji, wajua kwamba kuna watu wanaojilipia nauli ya ndege hadi Italia ili wakapalilie shamba la mtu? Si mzaha. Wakifika huko huchuma zeituni na zabibu, hubeba samadi na kulisha mbuzi. Mshahara hakuna, hata senti. Wanachopata ni chakula, mahali pa kulala na ujuzi wa kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani.

Mpango huo huitwa WWOOF. Ulianza Uingereza mwaka 1971. Mwanzilishi wake, Sue Coppard, alikuwa sekretari jijini London. Alitamani maisha ya shambani lakini shamba hakuwa nalo, basi yeye na wenzake wachache wakaenda kufanya kazi mwishoni mwa juma katika shamba la chuo kimoja huko Sussex. Leo mtindo huo umeenea nchi nyingi. Mgeni hufanya kazi saa chache tu kwa siku, kisha hula meza moja na mwenye shamba.

Sasa turudi kwetu Soin. Katika shule nyingi mwanafunzi akichelewa, hupewa jembe. Akipiga kelele darasani, fyekeo. Akirudia kosa, ang'oe kisiki! Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini jembe limebaki kuwa kiboko kingine. Nauliza: kijana aliyelijua jembe kama adhabu miaka minne mizima, atalipendaje akimaliza shule? Halafu tunashangaa vijana wakikimbilia Nairobi na kumwachia mama mzee mahindi na miwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba elimu tunayo. Katika somo la kilimo tunafundishwa kutengeneza mboji kwa njia ya Indore, iliyopewa jina la mji wa India alikofanyia kazi Albert Howard kuanzia 1924 hadi 1931. Tunachora mashimo daftarini, tunapata alama, basi. Ni wangapi kati yetu wamewahi kupindua lundo la mboji wakahisi joto lake? Na vifaa vyote viko nyumbani: mavi ya ng'ombe, majani, majivu ya jikoni. Bei ya mbolea ya dukani, kila mzazi anaijua.

Wengine watasema, "Ah, kujitolea ni kufanyishwa kazi bure!" Mgala muue na haki mpe, hofu hiyo ina msingi. Sisemi twende kumchumia mtu chai bure. Kuchuma chai ni ajira, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Anayejitolea ana hiari ya kukataa, hulishwa, na hurudi nyumbani na ujuzi. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, huko si kujitolea.

Tena msidhani haya ni mageni kwetu. Wazee wa Kipsigis walipopalilia wimbi, watu wa kokwet moja walikusanyika kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho, na mwenye shamba akawaandalia chakula. Wazungu hawakutushinda hapo.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Walimu wetu wapendwa, tafuteni adhabu nyingine, jembe mliachie somo la kilimo. Nanyi wanafunzi wenzangu, tutenge Jumamosi moja kila mwezi, wanaotaka tu, twende kwa mkulima wa hapa hapa anayetengeneza mboji. Tumsaidie nusu siku, atupe uji, atufundishe. Nauli ya ndege haihitajiki; miguu inatosha.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Shime, wenzangu, tumwongezee mwenzake!