Rejeta ya Shaba au ya Alumini?

Mwenye gari wa Kilwa Masoko atafutaye rejeta mpya hushauriwa achukue ya alumini kwa kuwa ni nyepesi. Wepesi huo hulifaa gari la mashindano, si lile lipelekalo samaki Nangurukuru. Shaba hupitisha joto takriban mara 1.7 ya alumini. Tena ikitoboka huzibwa kwa lehemu ya bati, ambayo haishiki juu ya alumini kwa sababu ya utando wa oksidi uifunikao.

Hata hivyo, rejeta yoyote huharibika upesi ikijazwa maji ya kisima chenye chumvi, na pwani visima hivyo si haba. Kloridi hutoboa alumini. Chokaa huziba mirija ya zote mbili. Afadhali maji ya mvua na dawa ya kuzuia kutu kuliko kununua rejeta kubwa zaidi. Wanafunzi waweza kuyapima maji ya kisima kwa nitrati ya fedha: mashapo meupe huonyesha kloridi.